Samaki Wakifa Alfajiri, Tuyaulize Maji Kabla ya Kumuuliza Jirani



Wiki hii safu yetu ya familia inaelekea Kinole, katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Ni nchi ya migomba, minanasi, mdalasini na pilipili manga, na ni nchi ya vijito. Penye neema ya maji namna hiyo, haishangazi kwamba katika vijiji vya Uluguru zimo familia zilizochimba bwawa dogo jirani na nyumba na kufuga perege, ili watoto wapate kitoweo na mama apate fedha ya sabuni na madaftari.

Bwawa la nyumbani lina kheri nyingi. Hata hivyo, lina asubuhi moja ambayo yaweza kuigharimu familia zaidi ya thamani ya samaki wenyewe. Mwenye bwawa ameswali alfajiri, amekwenda kutazama mifugo yake, na amekuta samaki wanaelea, matumbo juu. Jana jioni walikula vizuri; leo wamekufa. Swali la kwanza linalomjia kinywani si "kumetokea nini?" bali "nani amenifanyia hivi?" Na jina la kwanza kutajwa huwa la jirani: yule tuliyegombana naye mpaka wa shamba, au yule aliyeomba samaki wa mkopo akanyimwa. Huyu atasema maji yametiwa utupa, mwingine atasema ni husuda, wa tatu atataja ushirikina. Kabla jua halijapanda, ujirani wa miaka mingi umekwishaingia nyufa.

Sisi tunasema: kabla ya kumuuliza jirani, tuyaulize maji. Mara nyingi muuaji wa samaki wa alfajiri ni maji yenyewe, na yamemwua kwa sababu ambazo mwenye bwawa alikuwa na uwezo wa kuzizuia.

Uchafu usioonekana

Tofauti na mbuzi au kuku, samaki anaishi ndani ya choo chake. Anachokula, anachokitoa na anachokivuta kwa ajili ya uhai wake vyote vimo katika maji yale yale. Sehemu kubwa ya taka yake haitoki kama kinyesi kinachoonekana. Hutoka kupitia mashavuni, katika umbo la amonia, ambayo huyeyuka ndani ya maji bila ya kubadili rangi yake. Chakula kilichobaki nacho huoza chini ya bwawa na kuzalisha amonia zaidi. Maji yanaweza kuonekana safi machoni na huku yakimchoma samaki mashavu.

Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya maji viumbe wadogo wasioonekana, yaani bakteria, ambao kazi yao ni kuigeuza sumu hiyo. Kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo bado ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa kwa samaki na ni mbolea kwa mimea. Bakteria hao huishi juu ya mawe, kwenye kuta za bwawa na juu ya tope, nao huhitaji oksijeni ili wafanye kazi. Oksijeni ikipungua, watumishi hawa hulegea, na sumu hujikusanya.

Wenye matangi ya maji ya bahari

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tuwatazame wafugaji wa aina nyingine, wale wanaofuga samaki wa mapambo wa baharini katika matangi ya kioo sebuleni. Samaki wa miamba ya bahari hawastahimili uchafu kama perege, na tangi la kioo ni dogo. Kwa hiyo wafugaji hao hutumia chombo ambacho sisi tutakiita kiengua povu.

Kina mama watakielewa mara moja. Maharage yanapochemka, povu hupanda juu, na mpishi huliengua kwa upawa na kulimwaga. Kiengua povu hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila bila ya moto. Ni bomba pana lililosimama wima, na ndani yake pampu huyachanganya maji ya chumvi na hewa mpaka yajae mapovu madogo sana, meupe kama maziwa. Chembe za protini na mabaki mengine ya chakula na kinyesi zina tabia ya kung'ang'ania pale maji yanapokutana na hewa. Basi kila povu linapopanda hubeba uchafu wake. Mapovu husongamana katika shingo ya bomba, maji safi hurudi chini, na povu zito la rangi ya kahawia humwagika katika kikombe kilichowekwa juu. Mfugaji hukimwaga kikombe, na uchafu huo umeondoka kabla haujapata nafasi ya kuoza na kuwa amonia.

Ufungaji wake unataka subira. Chombo huwekwa penye maji ya kina kisichobadilika, aghalabu katika tangi dogo la pembeni, kwa sababu maji yakipanda au kushuka, povu nalo hupanda au kushuka. Siku za mwanzo chombo kipya huweza kutotoa povu lolote, au kikafurika, mpaka kuta zake zipate utando. Mfugaji hupandisha kiwango cha povu kidogo kidogo, husubiri, kisha hupandisha tena. Baada ya hapo huisafisha shingo ya chombo mara kwa mara, kwa kuwa mafuta yakiganda hapo povu hukosa njia. Hata kikifanya kazi vizuri, bado chombo hiki hakiondoi amonia iliyokwishazaliwa, wala hakimwondolei mfugaji wajibu wa kubadili sehemu ya maji na kupunguza chakula.

Je, mtu wa Kinole akinunue? Hapana, na sababu yake ni ya kimaumbile. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na chumvi hiyo huyazuia mapovu madogo yasiungane. Hubaki madogo, hupanda polepole, na hubeba mzigo mwingi. Katika maji baridi ya kijito, mapovu hukutana, huwa makubwa, hupanda kwa haraka na kupasuka, na povu la kuenguliwa halisimami. Chombo kinachomfaa mwenye tangi la maji ya bahari huko pwani hakitamfaa mwenye bwawa la mlimani. Lakini kanuni yake inamfaa kila mfugaji: uondoe uchafu kabla haujaoza, na uyape maji hewa.

Mlima ni pampu isiyotaka umeme

Mwenye tangi la kioo hununua pampu na kulipia umeme ili maji na hewa vikutane. Mtu wa Kinole amepewa mteremko. Maji yanayoanguka kutoka urefu wa nusu mita juu ya mawe, au juu ya kipande cha bati kilichotobolewa matundu, huvunjika matone madogo na kubeba hewa kuingia nayo bwawani. Mawe hayo hayo, yakikaa na maji muda wote, huwa makazi ya wale bakteria tuliowataja.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Wapo wanaodhani kuwa maji yakipita bwawani mchana na usiku bila ya kukoma ndiyo usafi wenyewe. Kijito cha mlimani ni baridi, ilhali perege na sato hupenda maji ya nyuzijoto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hamu yao ya kula hupungua na ukuaji hudorora. Isitoshe, maji yanayopita kwa wingi huondoka na ule ukijani ambao ni chakula cha asili cha samaki. Kwa siku za kawaida, ingiza maji ya kufidia yale yaliyopotea kwa jua na kwa kupenya ardhini. Mlango mpana ufunguliwe siku ya haja.

Njia ya kutolea maji nayo ina siri yake. Wengi huweka bomba la juu, ambalo huyatoa maji ya juu yaliyo safi na kuyaacha ya chini yaliyochoka. Bomba lianzie karibu na sakafu ya bwawa, upande wenye kina, kisha lipande hadi usawa unaotakiwa, ili kila maji mapya yanapoingia, ya chini ndiyo yasukumwe nje. Hiki ndicho kiengua cha bwawa la mlimani. Tofauti ni kwamba uchafu wa bahari huenguliwa juu, na wa bwawa huondolewa chini.

Kabla ya jembe kugusa ardhi

Bwawa la familia linaweza kuwa na kina cha sentimita 80 upande wa juu na mita 1 hadi 1.2 upande wa chini. Udongo uwe wa mfinyanzi, usiopitisha maji. Chukua tonge la udongo mbichi, lirushe juu na ulidake. Likibaki zima, kuna matumaini. Udongo wa juu wenye rutuba utengwe, urudishwe shambani au kwenye kingo na kupandwa majani, kwa sababu kingo tupu katika mteremko hubomoka msimu wa masika na kuangukia shamba la aliye chini.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto lisifanyiwe shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayechepusha maji ya mto. Kwa upande wetu, msimamizi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro mjini. Tunashauri familia imwone kwanza ofisa uvuvi wa halmashauri. Kwa vifaranga na mafunzo, mkoa wetu umebahatika kuwa na kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Kingolwira, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Hesabu ya tumbo

Sasa tufike kwenye chanzo kikubwa cha maafa ya alfajiri, nacho ni mkono wa mwenye bwawa. Tunapenda mifugo yetu, na mapenzi tunayaonyesha kwa kulisha. Bwawani, chakula kilichozidi hakibaki kuwa chakula. Hugeuka kuwa uozo unaokula oksijeni ya samaki.

Tuchukue mfano wa bwawa la mita 10 kwa 15, yaani mita za mraba 150. Kwa familia isiyo na mashine ya hewa, samaki 2 kwa kila mita ya mraba wanatosha, nao ni 300. Wakifikia wastani wa gramu 100 kila mmoja, uzito wao wote ni kilo 30. Samaki wa umri huo hula kiasi cha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 900. Kiasi hicho kigawanywe mara mbili, asubuhi jua likishapanda na alasiri. Kulisha jioni sana au usiku ni kuwaandalia samaki uozo wa kulala nao. Kipimo kingine rahisi ni jicho. Chakula ambacho hakijaliwa ndani ya dakika 10 hadi 15 kilikuwa kingi. Siku ya mvua, ya baridi au ya mawingu mazito, punguza au acha kabisa. Samaki hawatakufa kwa njaa ya siku moja.

Samadi nayo ina hesabu. Ukijani unaotokana na mbolea ni mimea midogo mno. Mchana, kwa msaada wa jua, huzalisha oksijeni. Usiku huitumia kama sisi sote. Ndiyo maana oksijeni ya bwawa huwa ndogo kuliko nyakati zote pale alfajiri. Bwawa lenye ukijani wa kiasi hulivuka giza salama. Bwawa lililojaa ukijani mzito huwa linatembea ukingoni mwa shimo, na siku moja ya mawingu inatosha kulisukuma.

Kipimo chake ni mkono. Zamisha mkono taratibu huku ukitazama vidole. Vikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, ukijani ni wa kutosha. Vikipotea maji yakiwa bado katikati ya kiganja na kiwiko, au kabla ya hapo, acha kutia samadi, punguza chakula, na ubadilishe sehemu ya maji. Kazi hii wapewe watoto wakubwa, wakiwa pamoja na mtu mzima, kila wiki, na waiandike daftarini. Watajifunza sayansi kwa vidole vyao. Watoto wadogo wasikaribie bwawa bila ya mwangalizi, na uzio uwepo.

Dalili za usiku wa hatari

Samaki hawafi bila ya kuaga. Oksijeni inapopungua hupanda juu, hukusanyika pale maji yanapoingilia, na midomo yao hufunguka na kufunga kwenye uso wa maji kama wanaokunywa hewa. Akionekana hali hiyo mapema asubuhi, mwenye bwawa afungue maji ya kuanguka kwa nguvu zote, afungue na bomba la chini, asilishe siku hiyo, wala asiingie bwawani kulivuruga tope. Kama hakuna maji ya kutosha ya kuingia, watu wachote kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka jua lipande. Kazi hiyo huchosha, lakini imewahi kuokoa bwawa zima. Povu linalokaa juu ya maji kwa siku nyingi, na harufu ya yai viza kutoka kwenye tope, ni maonyo yanayokuja mapema zaidi.

Kuusoma msiba

Ikiwa msiba umekwishatokea, tusome alama zake kwa utulivu. Wakifa samaki wengi kwa pamoja usiku wa kuamkia leo, wakubwa wakiwa mbele ya wadogo, na midomo imebaki wazi, hasa baada ya siku ya mawingu au ya kulisha sana, mshukiwa wa kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Wakifa wachache wachache kwa siku kadhaa, wakilegea, wakikataa kula, na mashavu yao yakiwa yamevimba au kubadilika rangi, fikiria amonia, naitraiti au ugonjwa.

Na sumu je? Sumu ipo, hatukatai. Yaweza kuwa utupa, na yaweza kuwa dawa ya wadudu iliyopuliziwa shamba la juu na kuoshwa na mvua. Lakini sumu haisubiri alfajiri. Huua saa yoyote. Aghalabu huanza na wadogo, na haiwabagui viumbe: viluwiluwi, vyura na wadudu wa majini nao hufa. Ukikuta samaki wamekufa na viluwiluwi wanaogelea kwa raha, usiwe mwepesi wa kusema sumu. Ukikuta vyote vimekufa, usile wala usiuze samaki hao, uwafukie mbali na maji, na umwite ofisa uvuvi. Hata hapo, dawa iliyoteremka kwa mvua si ushahidi wa nia mbaya.

Ndugu zetu, dhana mbaya ni deni zito. Samaki 300 huweza kupandikizwa upya, na baada ya miezi 6 au zaidi wakavuliwa. Jirani aliyeitwa mchawi mbele ya watoto wake hapandikizwi upya. Na mwenye bwawa aliyekwishaamini kuwa ni jirani hatarekebisha bomba lake wala kipimo chake cha chakula, kwa hiyo msiba utarudi, na safari hii atatafuta jirani mwingine.

Maji yanayotoka kwetu

Mwisho, tukumbuke kuwa maji ya miteremko hii ya mashariki hayaishii Uluguru. Huteremka mpaka mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wengi wa Dar es Salaam. Kabla ya kufika huko hupita kwa jirani wa chini, ambaye huyateka kwa kupikia na kwa udhu. Tope la bwawa lisimwagwe kijitoni. Lielekezwe kwenye mtaro mpana, litulie, kisha lilishe migomba na mboga. Naitreti isiyofaa bwawani ni riziki ya mgomba. Mdomo wa bomba uwekewe wavu mzuri, hasa kwa wanaofuga sato, kwa kuwa si mzaliwa wa mito yetu, na akitoroka huzaana na perege wa asili wa Ruvu na kuuharibu ukoo wao.

Jirani wa chini anatudai maji safi, na jirani wa pembeni anatudai dhana njema. Familia itakayoyalinda maji yake itakuwa imezilipa haki zote mbili, na kitoweo kitabaki mezani. Tunawaombea wafugaji wetu wa Kinole na kwingineko baraka katika mabwawa yao.

Wabillahi tawfiq.